Shofaji ya Baba

Nia-Nia, tarehe 2 Mei 1976

Yaya Kaswera,

Pokea salamu zangu kutoka huku msituni. Mwili ni mzima, ila tumbo linanung'unika, maana watu wa Nia-Nia wanakula wali asubuhi na jioni, na mimi mdogo wako uliyenilea kwa bugali na maharagi naota sufuria yako. Chumvi na sabuni vinauzika. Nyumba niliyopanga inavuja upande mmoja tu, basi nimehamishia kitanda upande wa pili. Mama hajambo? Binti yako Joséphine ameota meno? Umwambie Mama kwamba ninakwenda misa, na ni kweli.

Sasa kuna jambo, tafadhali lisome ukiwa peke yako. Jumamosi iliyopita kulikuwa na arusi hapa, na bibi arusi aliletwa kanisani kwa Pejo 403 ya rangi ya bluu. Gari hilo halitoki mara nyingi, mafuta hayapatikani, ndiyo maana nimekaa hapa tangu Januari bila kuliona. Yaya, nadhani ni lile ambalo waasi wa Simba walimchukua nalo Baba mwaka wa 64. Nilikuwa na miaka kumi tu na nilikuwa shuleni Butembo, lakini ile medali ya Mtakatifu Kristofa mbele ya dereva naikumbuka. Paa lake linafunguka pia. Mwenye gari ni Mzee Donatien, mkulima wa mpunga. Kwenye karte yake ya kitambulisho ana jina lingine, kama sisi sote tangu majina ya ubatizo yakatazwe, lakini hapa hakuna anayemwita hilo.

Usimwambie Mama kwanza. Niambie tu kama nimeona vizuri.

Mdogo wako,
Kamate


Bunia, tarehe 13 Mei 1976

Mdogo wangu Kamate,

Michel dereva ameniletea barua yako pamoja na mchele. Asante, ingawa nusu yake ni mawe. Sisi huku ni wazima. Joséphine ana meno mawili na anauma watu. Mama alikwenda sokoni kwa miguu yake Jumanne, akagombana na yule mama wa samaki ya Mahagi-Port mpaka akaongezewa mmoja. Duka langu la vipuri linasukumwa tu. Magari yaliyosimama ni mengi kuliko yanayotembea, kwa hiyo kazi sikosi.

Nilisoma peke yangu kama ulivyoomba, kisha nikakalia tairi. Nilipokwisha kunywa maji nikaanza kukukasirikia. Kamate, medali ya Mtakatifu Kristofa? Kila Mkatoliki mwenye gari kutoka hapa mpaka Kisangani aliibandika medali hiyo. Iliuzwa mlangoni mwa kanisa, haikutoka kiwandani. Ukitaka kulijua gari, achana na vitu ambavyo watu wameliongezea. Tafuta lilichozaliwa nacho.

Rangi ya bluu si kitu, rangi hupakwa. Vuta mpira wa mlango uangalie chini yake: hapo mafundi wa rangi ni wavivu dunia nzima, na rangi ya kwanza hubaki. La Baba lilikuwa la majivu. Yule simba wa chuma wa mbele usiniambie habari zake, mimi mwenyewe nimeuza wawili mwaka huu. Paa la kufunguka ni habari nzuri, kwa sababu si magari yote yaliyokuwa nalo, lakini lile la Mgiriki wa Irumu lilikuwa nalo pia. Chini ya kapo, kile kifuniko cha mota, kuna kibati cha namba. Namba yetu naijua kwa kichwa, ila usitegemee sana, mwizi huanza na kibati.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho wewe hukumbuki. Gari la Baba lilikuwa na shofaji, kisanduku cha kupasha joto ndani, chini ya tablo, ule ubao wa mbele ya dereva, upande wa miguu ya Mama. Magari yaliyoletwa kwetu hayakuwa nayo. Nani anataka moto ndani ya gari huku? Baba aliiagiza. Ajenti wa magari alimcheka, padri alimcheka, Mama alitafuta pa kuficha uso. Lakini Baba alikulia juu kule Lubero, ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni, na hata hapa Bunia alivaa koti saa sita mchana. Alikubali gari lichelewe kwa ajili ya shofaji tu, na likafika nayo. Mimi ndiye niliyekuwa naisugua kila Jumamosi.

Shofaji inaweza kuwa imetolewa. Matundu hayatolewi. Fungua kapo, utazame ukuta wa bati ulio kati ya mota na miguu ya abiria. Upande wa kulia utakuta matundu mawili, yalipopita mabomba ya maji ya moto. Pitisha kidole. Tundu la kiwanda lina mdomo laini na rangi imeingia mpaka ndani. Tundu la fundi wetu mwenye patasi na nyundo litakukata kidole. Gari la majivu, lenye paa la kufunguka na matundu mawili laini, hilo ni la Baba, hata wakilipaka dhahabu.

Unajua kwa nini nakusumbua hivi. Mama bado anavaa kikwembe cheusi. Kila Baba mdogo Hippolyte anapotoka Butembo kuja kumwambia tuondoe matanga, anajibiwa kwamba matanga ya mtu asiye na kaburi hayaondolewi. Na matanga yakikaa wazi, hakuna arusi itakayotoka katika nyumba hii. Mimi na Étienne tumengoja mpaka mtoto amefika kabla ya padri, wewe je? Mwenye gari hilo anajua alilitoa wapi. Pale alipolitoa ndipo tutakapoanza kumtafuta Baba.

Fungua kapo, Kamate. Kisha uulize.

Yaya wako,
Kaswera


Nia-Nia, tarehe 8 Agosti 1976

Yaya Kaswera,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa Étienne na kwa yule anayeuma watu. Unisamehe kukaa kimya. Ni mvua, ni malaria kidogo, ni kazi ya duka, unajua mwenyewe. Sabuni imepanda bei na watu wameanza tena kufulia majivu. Mchele wa safari hii nimeuchambua mwenyewe, usiniaibishe.

Kuhusu lile gari. Nilivuta mpira wa mlango siku moja walipolitoa kulisafisha. Chini yake ni rangi ya majivu. Kibati cha namba kiling'olewa zamani, mwenyewe ananiambia. Kapo sikufungua. Mzee Donatien ni mtu wa heshima, gari hulisugua kwa mkono wake, na haipendezi kijana ainamie mota ya mzee kama polisi wa barabarani. Tena magari ya majivu yalikuwa mengi. Labda tuliache jambo hili likae kidogo. Baba hatafufuka kwa sababu ya tundu.

Nakutumia na chupa ya asali ya msituni kwa ajili ya kifua cha Mama.

Mdogo wako,
Kamate


Bunia, tarehe 19 Agosti 1976

Kamate,

Salamu. Mama anakusalimia. Asali imefika.

Mchele ulikuwa safi kabisa, hakuna hata jiwe moja. Nikajiuliza tangu lini ndugu yangu anajua kuchambua mchele. Basi nikampa Michel sahani ya pili ya sombe, na wewe unamjua Michel, akianza kushiba anaanza kusema. Anasema kila Jumapili baada ya misa unakula kwa Mzee Donatien. Anasema anayekupakulia ni binti yake, Adeline, na kwamba umenunua shati jipya. Sasa nimeelewa kwa nini kapo ya gari hilo ni nzito.

Sikugombezi kwa kupenda. Umri wako ni wa kupenda, na Michel anasema msichana ana adabu na mikono ya kazi. Ninakugombeza kwa kuniandikia kwamba Baba hatafufuka. Nani alikuambia namtafuta afufuke? Namtafuta azikwe. Mama alimpikia mtu yule asubuhi waliyomchukua, na chakula kilibaki mezani. Mimi ndiye niliyekitoa.

Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Huwezi kumwoa binti wa mtu huku unaogopa kuangalia ndani ya gari lake. Kama Mzee Donatien ni mtu mwema, swali halitamwua. Kama si mwema, afadhali ujue kabla hatujapeleka mbuzi. Kuuliza si ujinga.

Ikipita Novemba hujauliza, nitapanda lori la Michel na funguo zangu za kufungulia boliti, nifike mwenyewe mbele ya mkwe wako.

Kaswera


Nia-Nia, tarehe 3 Oktoba 1976

Yaya,

Salamu. Ni kweli yote aliyosema Michel, na shati ni la mistari.

Sikukuambia kwa sababu niliogopa, na bado naogopa. Mzee huyu alinikaribisha nilipokuwa na homa na sina mtu. Alinipa blanketi lake. Adeline alinichemshia maji ya majani machungu na akasimama mpaka nimalize. Nikiuliza, na jibu likiwa baya, nitakuwa nimekula miezi yote hii kwenye sahani ya mtu aliyemwua baba yangu, na nimempenda binti yake. Wewe una duka, una mtoto, una Étienne. Mimi huku nina nyumba ya Mzee huyu tu. Najua Baba ni wetu sote, lakini wewe ndiye uliyemjua. Mimi niliyekuwa shuleni nilipata habari tu.

Niambie kitu kingine. Barua yako ya kwanza Mama alikuwa sokoni akigombana. Ya pili umeandika "anakusalimia", basi. Hukusema kama asali aliipenda. Mama yuko wapi, Yaya?

Kamate


Bunia, tarehe 11 Oktoba 1976

Mdogo wangu,

Asali hakuionja. Tangu mwezi wa saba hajatoka kitandani. Daktari anasema ni moyo. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utafunga duka na kuja kukaa hapa kumtazama, na mimi nilitaka ubaki hapo, karibu na lile gari. Nikasirikie baadaye.

Jana aliniuliza kama kuna barabara ambayo hatujauliza. Nikamjibu kwamba iko moja, na wewe uko juu yake.

Fungua kapo.

Kaswera


Nia-Nia, tarehe 7 Novemba 1976

Yaya Kaswera,

Leo salamu zitangoja. Nimefungua kapo.

Barua yako ilipofika nilitembea mpaka mtoni na kurudi, kisha siku ya Watakatifu Wote, baada ya misa, nilimwomba Mzee Donatien anionyeshe mota. Alikuwa anasugua vioo. Akafungua. Mota ilishabadilishwa, si ya gari hilo, hata mimi niliona. Nikatazama ukuta wa bati upande wa kulia. Kulikuwa na vizibo viwili vya mpira mweusi. Nikaving'oa, nikapitisha kidole. Laini, Yaya. Laini kama mdomo wa kikombe, na rangi ya majivu mpaka ndani.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya heshima. Yote yalipotea. Nikasema tu, "Mzee, shofaji ilikwenda wapi?"

Akakiweka kitambaa chini. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Batu mingi walikuya hapa kusema hii gari ni yabo. Bote waliuliza motere, waliuliza rangi. Hakuna hata moya aliniuliza shofaji. Weye ni mutoto wa ule muzee?"

Nikamwambia kwamba mimi ni mtoto wa Ambroise wa Bunia. Ndipo akajua jina, baada ya miaka yote hiyo. Alilirudia jina la Baba mara kadhaa, kama mtu anayejifunza sala.

Alinikalisha, akanisimulia. Mwishoni mwa mwaka wa 64 alikuwa anarudi kutoka shambani kwake, upande wa Epulu, akakuta gari limetumbukia kwenye mfereji wa barabara, pua chini. Kando yake mtu amelala, amekufa, amepigwa risasi. Waliomwua hawakuwapo tena na hajui ni akina nani. Mfuko haukuwa na karatasi hata moja. Alimshangaa kwa kuwa alikuwa amevaa koti zito katika joto la msitu. Alimwita mkewe, wakamchimbia kaburi kando ya kijito, wakamzika na koti lake. Gari wakalifunika kwa matawi mpaka vita vilipopoa, kisha akalitengeneza.

Nilimwuliza kwa hasira kwa nini hakututafuta. Akasema hakujua mtu huyu alitoka Bunia, Wamba au Kisangani. Na miaka ilipopita akaogopa kuitwa mwuaji. Kisha akasema na lile la tatu, ambalo angeweza kulificha: alilipenda gari. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika miguu. Nililia, na yeye akalia, na Adeline aliyekuwa jikoni akaja akatukuta hivyo na kapo ikiwa wazi.

Kesho yake, siku ya Marehemu, walinichukua. Wao huenda kila mwaka siku hiyo, kwa gari hilohilo, ndiyo safari pekee ambayo hawakosi mafuta yake. Njiani Adeline alinishika mkono mbele ya baba yake. Kaburi ni safi, Yaya. Limepandwa maua mekundu pembeni na hakuna jani hata moja juu yake. Mzee hakuwa na jina la kuandika msalabani. Aliona haifai mtu alale bila alama ya kwake, akatafuta ndani ya gari kitu kilichokuwa cha mtu huyo peke yake, ambacho hajakiona katika gari lingine lolote. Akaking'oa akakitia kichwani mwa kaburi, nusu ndani ya udongo. Ni shofaji. Imeshika kutu, lakini nilipopangusa upande mmoja nikaona bado bati linang'aa pale ulipokuwa unalisugua.

Adeline ameniambia kwamba tangu utoto kila jioni wanapomaliza rozari huongeza Salamu Maria moja kwa ajili ya Mzee Mugeni wa njiani. Ni Baba, Yaya. Tulipokuwa hatujui pa kumwombea, yeye alikuwa anamwombea.

Sasa niambie Mama anataka nini. Niing'oe shofaji nimpe Michel ailete, Mama aione kwa macho yake? Tumchimbue Baba tumlete Bunia? Mzee Donatien anasema gari ni letu, amenipa ufunguo. Nimeuweka mezani na sijui la kufanya nao. Wala sithubutu kuuliza lile lingine, unalijua.

Mdogo wako,
Kamate


Bunia, tarehe 20 Novemba 1976

Mdogo wangu, mtoto wa baba yangu,

Salamu kutoka kwa kila mtu wa nyumba hii, na safari hii Mama anakusalimia kweli, amekaa mbele yangu na anataka kujua naandika nini.

Barua yako nilimsomea asubuhi, Étienne akiwa amemshika begani. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu, kama alikuwa amevaa koti. Nikamwambia alizikwa nalo. Akaniambia nisome tena hapo. Nilisoma. Alilia kwa sauti, kilio chote alichokuwa amekiweka, mpaka majirani wakaingia na vigoda vyao wakakaa naye kama siku ya msiba, na kweli ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Jioni akaomba buyi, uji mwepesi. Akamaliza sahani na kusema haina sukari. Nikajua kwamba hofu ya kumzika Mama mwaka huu niisahau.

Sasa sikiliza maneno yake, maana amenikataza kuyapunguza.

Baba asichimbuliwe. Amelala mahali pasafi, na aliyemlaza alimfanyia wema wa ndugu. Ufunguo umrudishie Mzee Donatien leo hii, usiulaze tena kwako. Anasema mtu huyo alikosa kwa kulipenda gari, na hata Baba alikosa hivyohivyo. Lile jambo ambalo huthubutu kuuliza, Mama ameuliza kwa niaba yako: ametuma neno kwa Baba mdogo Hippolyte aanze kutafuta mbuzi. Mimi na Étienne tutasimama mbele ya padri huyohuyo siku hiyohiyo, ili wali wa Nia-Nia usipikwe mara mbili.

Mvua zikikatika, mwezi wa kwanza, tunakuja kuondoa matanga hapo kaburini. Daktari amekataza safari. Mama amemjibu daktari, sitaandika alivyomjibu. Atakaa kwenye kabine ya Michel na mito mitatu mpaka Epulu, na hapo anataka Mzee Donatien aje kumpokea kwa lile gari. Anasema kiti chake ni cha mbele, kulia, na asikute mtu amekikalia. Nguo nyeusi ataivulia hukohuko.

Mwambie Adeline kwamba Mugeni wake aliitwa Ambroise, na kwamba Mama anaomba aendelee na ile salamu moja.

Kuhusu shofaji. Mimi nilitaka uing'oe uilete. Nilitaka niishike, niisugue tena, niiweke dukani mahali ambapo siuzi. Nilimwambia Mama hivyo. Alivuta blanketi magotini, akasema:

"Muiache pale pale. Baba yenu alikuwa anaogopaka baridi."

Yaya wako,
Kaswera